Shaini Inatoka kwa Msasa

Wasee wa ndinga Nairobi wengi ni wa turbo. Subaru ikipita Thika Road Sunde jioni, hata mtoi wa nasari anajua hiyo ni nini, na sina ubishi hapo, Subaru zimejipatia heshima. Lakini kuna ndinga ingine imejaa mtaani, nayo inasukumwa na hewa, na hakuna mtu huibonga: Mercedes C200 ya W203, ile imeandikwa Kompressor kwa bodi. Msee anainunua juu ya nyota, anaosha bodi kila Sato, anapolishi rimu mpaka anajiona, na ile kitu iliipatia gari jina hajawahi kuitia macho. Fungua boneti utapata plastiki nyeusi. Kompresa yenyewe imejificha chini pembeni ya injini, imevaa mafuta na vumbi ya miaka, alumini imefifia mpaka haijulikani ni alumini.

Hiyo mi naona ni dharau. Supachaja, yaani hiyo kompresa, ndio kitu spesheli kwa hiyo injini, na inafaa kung'aa. Na si lazima uipeleke kwa msee atakuchomoa mkwanja. Hii ni kazi ya kejani, ya msasa, maji na kutulia, na yeyote wa ploti anaweza kuiva nayo.

Kwanza tuelewane ni nini tunang'arisha. Turbo huzungushwa na moshi ya egzosi. Supachaja huzungushwa na mkanda unatoka kwa krenki ya injini, kwa hivyo ukikanyaga inaitika hapo hapo, hakuna kungoja. Ndani ya hausingi kuna rota mbili zimesukana, kila moja inazunguka upande wake, zinashika hewa kando ya ukuta na kuisukuma kwa injini. Hazigusani, na hazigusi ukuta. Nafasi iko hapo kati ni kasehemu kadogo ka milimita, na bado zinapita raundi elfu kumi kwa dakika. Gia mbili za mbele ndizo huzuia zisigongane. Nairobi hii kitu iko na maana zaidi, juu tunaishi karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini ya kawaida inapumua kidogo kuliko vile ingepumua Mombasa. Supachaja inarudisha ile hewa mlima umekula. Injini ya lita 1.8 ya C200 ilitoka kiwandani na hosipawa 163, na kazi kubwa hapo ilifanywa na hii ganda ya alumini watu wamesahau.

Stori yake ni ya kitambo. Ndugu wawili wa Marekani, Philander na Francis Roots, walipata hataza ya mashine ya rota mbili 1860, huko Connersville, Indiana, kabla gari za petroli hazijakuwa. Ilitumika kupuliza hewa kwa tanuru za chuma. Mercedes wakaonyesha gari za kompresa Berlin 1921. Lakini hii maneno ya kuing'arisha hadi imeremete ni ya mayuth wa California. Kulikuwa na injini za dizeli za GM, familia ya 71, zilianza 1938, za malori na mabasi. Zilikuwa za stroki mbili, na bila kupulizwa hewa hazingepumua, kwa hivyo kila moja ilikuja na blowa yake. Baada ya vita wasee wakaanza kuchomoa hizo blowa kwa malori zimekufa, hasa ya ile injini ya silinda sita, 6-71, wanazibandika juu ya V8 ya mashindano. Haingetoshea chini ya boneti, ikatokea nje, na kitu ikishatokea nje lazima ipigwe luku. Ile Dodge Charger ya 1970 kwa The Fast and the Furious ya 2001, na ile dude imetoboa boneti ikimetameta, ni ya huo ukoo. Wengi wetu tulianza kuota supachaja hapo.

Niseme wazi: kung'arisha nje hakuongezi hata hosipawa moja. Kuna msee atakushow ati alumini ikimeta inapoa haraka. Zii. Uso laini unaong'aa hutoa joto kidogo kuliko ule wenye umefifia, na kwa gari ya kwenda job hiyo tofauti huwezi iskia. Hii ni luku, na luku ni sababu tosha. Lakini kuna kitu ingine hupewi na ganda chafu. Sili ya mbele ikianza kulia mafuta, kwa hausingi imelowa uchafu hutajua mpaka beringi zianze kupiga kelele. Kwa hausingi inang'aa, tone moja ya mafuta unaiona siku hiyo hiyo. Ukiulizwa mbona unapolishi kitu imejificha chini, jibu ndio hiyo.

Na kupenda alumini hakuna mtu anatufundisha hapa Nai. Enda Kamukunji uskie nyundo za jua kali zikiongea kutwa nzima, uone masufuria zikitoka hapo mbichi mbichi. Wengi tumelelewa na mathe mwenye alikuwa anasugua sufuria na waya na jivu mpaka upande wa nje unakuonyesha sura yako, na wageni wakija zinapangwa mahali zitaonekana. Hausingi ya supachaja ni metali hiyo hiyo, ila imechanganywa na silikoni ikamwagwa kwa moldi. Mathe anajua nusu ya hii kazi. Nusu ingine ni kujua mahali hufai kugusa.

Ka hujawahi kuitoa kwa gari, lipa fundi aitoe, na ukae hapo ucheki kila bolti inatoka wapi. Ka unaogopa kuanza na yako, zunguka Kirinyaga Road, wazae bado wanaiita Grogan, uulize kompresa imekufa beringi. Yenye haifai kwa gari inafaa kujifunzia. Za kampuni ya Eaton, ambazo ndizo nyingi kwa hizi gari, hufunguka vizuri: pua ya mbele na rota zote mbili hutoka pamoja, na unabaki na hausingi tupu iko na beringi mbili ndogo za sindano kwa kiti cha nyuma. Hapo ndio mwisho wa kufungua. Gia usitoe kwa shafti. Zimesukumwa kwa presha zikasetiwa pembe yake, na ukizisogeza hata kidogo, rota zitakutana, na hiyo kompresa umeizika.

Ka hutaki kuifungua kabisa, pia ni poa, na kwa mara ya kwanza mi naona ni afadhali. Iko na midomo miwili, ya hewa kuingia na ya hewa kutoka. Kata plaiwudi saizi ya kila mdomo, weka gasketi ya zamani katikati, funga na bolti zake. Mashimo ya bolti pia yajaze na bolti za zamani. Chembe moja ya msasa ikiingia ndani itakwaruza ile rangi ya rota na kusaga beringi, na hakuna shaini italipia hiyo hasara.

Kuosha ni mafuta taa na brashi, kisha maji moto na sabuni ya vyombo, urudie hadi maji itoke safi. Kostiki soda weka mbali kabisa. Inakula alumini ukiangalia, inatoa hidrojeni, na hiyo gesi inawaka. Jik pia inaharibu uso. Petroli usilete kejani, haswa ploti yenye jirani anapika na jiko hapo kwa korido.

Sasa msasa, na hapa ndio kazi yote iko. Wengi wanadhani shaini hutoka kwa Autosol, ile polishi ya metali. Autosol inakuja mwisho kabisa, na kazi yake ni kuonyesha kila mtu vile ulifanya kazi ya msasa. Ka uliacha mikwaruzo, itaimulika.

Ganda ya kumwagwa huwa na ngozi ya chenga chenga na ule mshono wa moldi umepita katikati. Mshono unaondoa na faili. Sugua chaki kwa meno ya faili kwanza, juu alumini ni laini inajaza meno, na faili imejaa inachora mfereji badala ya kukata. Grainda usitumie. Jiwe la kusaga chuma linabeba alumini, linaziba, linaweza kupasuka likizunguka, na hata lisipopasuka litakula mahali hukutaka. Mshono ukiisha, anza msasa namba 120 mkavu. Ngozi ya moldi ikiwa mbaya sana, shuka 80, ila ujue kila mkwaruzo wa 80 utakuja kuulipa. Shiti moja si ghali, kwa hivyo usibane. Msasa umekufa haukati, unapakaza tu.

Kuna trik inasaidia sana. Chukua makapeni, ile peni ya kuandika kwa katoni, paka uso wote kabla ya kila namba. Piga msasa upande mmoja, tuseme kulia kwenda kushoto, mpaka wino wote uishe. Ukiona wino mahali, hapo bado hujafika. Kisha osha, paka tena, shika 180, na sasa enda juu kwenda chini, ukikata mikwaruzo ya kwanza msalaba. Usipande namba mpaka laini za namba ya nyuma ziishe zote. Halafu 240, 320, 400, kila moja ikibadilisha upande. Zima stima, washa tochi ya simu, ilaze karibu na uso kabisa imulike kwa upande. Mikwaruzo yenye ilikuwa imejificha kwa mwanga wa dirisha itasimama yote. Kidole pia hakidanganyi: funga macho, pitisha kucha polepole, itagonga mahali macho ilikosa.

Kuanzia 400 enda na maji. Weka matone ya sabuni ya vyombo kwa ndoo, lowesha msasa, suuza kila saa. Maji itageuka nyeusi tititi, na mikono pia, hiyo ni kawaida ya alumini. Ka ploti yenu mnaanika kwa kamba moja, fanya hii kazi mbali na nguo za watu, juu hiyo weusi kwa shati nyeupe ya jirani ni kesi. Na ukibadilisha namba osha kila kitu: hausingi, mikono, ndoo, hata meza. Punje moja ya 120 ikibaki kwa kitambaa ukiwa umefika 800, inachora laini yenye itakurudisha nyuma.

Hapo kwa 400 na 600 kuna kitu huwashtua wengi. Uso unaanza kuwa laini, na vidoti vyeusi vinatokea. Hivyo ni vishimo vya hewa vilivyobaki ndani ya alumini ikimwagwa. Ukivifukuza na msasa utafungua vingine chini yake na utapunguza ukuta. Viache. Viko hapo tangu kiwandani, na mwenye anajua ataviona ajue ganda ni ya ukweli, haijapakwa rangi ya fedha ya mkebe.

Mbavu za nje ndizo huchosha. Kati ya mbavu kidole hakiingii, utafunga msasa kwa kijiti cha aiskrimu usugue mos mos, na utakaa hapo. Mi naona hakuna haja ya kung'arisha mabonde. Piga vichwa vya mbavu na sehemu pana mpaka zimetemete, mabonde ulete hadi 320 uyaache na ule weupe wa kufifia. Hiyo tofauti inafanya mbavu zisimame. Hausingi imeng'aa kila pembe huwa inapoteza shepu, macho haijui itulie wapi.

Mahali pa kutogusa: uso wa gasketi, hapo mbele, nyuma na kwa midomo. Huo umekatwa na mashine ukawa bapa, na ukiuzungusha kingo na msasa, hewa itapata njia. Ubandikie selotepu ya karatasi safu mbili, na ukikaribia punguza mkono. Ndani ya hausingi, mahali rota hupita, hata 2000 isikaribie. Ile nafasi ya rota na ukuta ndiyo hubeba presha, ukiiongeza hewa inarudi nyuma. Kuna kazi ya kupanua midomo ya hewa, lakini hiyo ni ya watu wa mashine na vipimo, usiichanganye na hii.

Panda 800, 1000, 1500, na ka bado unaskia nguvu, 2000. Ukifika 1500 itakuwa inaonyesha kivuli cha mkono, lakini kwa ukungu. Huo ukungu ndio unatolewa na gurudumu. Drili inatosha. Unahitaji gurudumu la katani na sabuni ya kahawia, ile inaitwa tripoli, halafu gurudumu la pamba na sabuni nyeupe. Kila gurudumu na sabuni yake milele, ukizichanganya ile kali itachora kazi ya ile laini. Funga hausingi kwa meza na vaisi iliyovalishwa kitambaa, na elekeza gurudumu liwe linatoka kwa kingo, lisiingie. Likinasa kingo litarusha drili kwa mkono wako ama hausingi kwa ukuta. Vua bangili, kunja mikono ya sweta, funga rasta nyuma. Vaa goggo za macho na maski, juu vumbi ya alumini si ya kupumua. Hiyo vumbi pia inashika moto. Usipolishi mahali mtu amekuwa akikata chuma na grainda, juu alumini na kutu ya chuma zikikutana na cheche zinawaka joto lenye maji haizimi. Ndiyo maana napenda sana msasa wa maji: hakuna vumbi, na hakuna kelele ya kumfanya keateka apande ngazi. Drili itumie mchana, watu wakiwa job, na uhesabu tokeni.

Mwisho ndio Autosol inaingia. Kidogo sana kwa kitambaa cha shati la pamba limechakaa, sugua duara ndogo ndogo hadi kitambaa kigeuke nyeusi, geuza upande safi, endelea. Ukimaliza utaona filamu ya mafuta inafunika shaini. Nyunyiza unga ya ngano kavu, pangusa na kitambaa kingine safi. Unga hunyonya yale mafuta, na hapo ndio uso unatoka wazi kabisa, mpaka unasoma maandishi ya mkebe yamegeuzwa.

Vanishi ya kunyunyiza mi siikubali kwa hii kitu. Supachaja inakamua hewa na hewa ikikamuliwa inachemka, ganda inapata joto kila safari, na vanishi ya kawaida inaanza kugeuka njano na kubanduka. Ikibanduka lazima uitoe yote uanze tena. Paka nta ya gari, nyembamba, ukiwa umehakikisha ganda imepoa, na urudie. Alumini hujifunika oksidi yenyewe ikikaa kwa hewa, huwezi izuia, unaweza tu kuichelewesha. Nairobi, Autosol kidogo kila baada ya wiki kadhaa inatosha. Wasee wa Mombasa na Malindi mko na upepo wa chumvi, nyinyi itabidi mzidishe nta na muipanguse kila mkiosha gari.

Kurudisha ni gasketi mpya, zote. Ile ya zamani ulitumia kufunga midomo imemaliza kazi yake. Bolti zinaingia kwa alumini, kwa hivyo kaza na spana ya kipimo kulingana na kitabu cha gari, ukianza na mkono kwanza. Mafuta ya gia za mbele ni yake spesheli, mafuta ya injini haingii hapo, na ka ulifungua pua, hiyo ndio saa ya kuyabadilisha. Zungusha puli na mkono kabla ya kufunga mkanda. Inafaa kuzunguka laini, bila kukwama na bila kukwaruza. Washa injini, ngoja itulie, kisha sikiza midomo yote miwili. Ukiskia kitu kinafoka ssss, kuna gasketi imekaa vibaya, zima urudi hapo. Ikiwa kimya, chukua barabara yenye mlima, ukanyage, usikize ule mluzi wake ukipanda na rev.

Na usifiche kazi. Zile plastiki za juu hutoka bila vita, zitoe siku za kukutana na mbogi. Kila mwaka Ngong Racecourse kuna Africa Concours d'Elegance, na majaji wa hapo huinama kwa injini na chini ya gari vile vile wanacheki rangi. Hiyo siku ikifika, wasee wa Kompressor mkuje na boneti wazi.